Taa Nyekundu za Ukumbini

Bi Mwanabaraka alikuwa akiongea kwa sauti ya mtu anayemwita jirani wa nyumba ya tatu. Miaka kumi na tisa ya mitambo ya kufumia nguo ilikuwa imemla masikio. Zuena, bintiye, alimjibu kwa midomo tu bila kutoa sauti, kama wafumaji walivyozungumza kiwandani. Ndivyo alivyolelewa.

"Unakwenda kuwapambia wale?" mama alifoka alipopata habari kuwa kiwanda kimempa kazi. "Walitutupa nje kama takataka, leo mwanangu mwenyewe anawatilia marashi!"

"Siwapambii wao, mama. Nakufanyia wewe."

Bi Mwanabaraka akageukia ukuta. Kwa asiyesikia, kugeuza uso ni kufunga mazungumzo, naye aliyafunga kwa miezi miwili. Hakuna kilichomuuma Zuena kama kisogo kile.

Kiwanda, kule Temeke, kilikuwa kimeuzwa mwaka juzi. Mwekezaji alipunguza watu mia nne, akang'oa mitambo, akaligeuza jengo kuwa ghala la vitambaa kutoka nje. Halafu, bila haya, akataka sanaa katika ukumbi wa mapokezi. Meneja wake, Bwana Audax, alitaka kitu chenye sauti na mwanga, mgeni akiingia ashtuke kidogo. Zuena, fundi wa kuchomelea vyuma aliyegeuka msanii, alikabidhiwa funguo za stoo achukue atakacho.

Alichukua bobini mia moja za kuviringishia nyuzi na taa nyekundu thelathini alizozikuta ndani ya sanduku. Aliunda mhimili unaozungushwa na mota. Ukizunguka, bobini zinagonga chuma kwa mdundo wa mtambo, na kila zikigonga, taa inawaka na kuzima. Sauti kwa wenye masikio, mwanga kwa mama yake. Hakuwahi kuipenda kazi yoyote kama ile. Alimwomba Bwana Audax awaalike wafumaji wa zamani siku ya uzinduzi, naye akakubali.

Walikuja kumi na wawili, wamevaa nguo za Idi na za kanisani. Bi Mwanabaraka aliingia wa mwisho, kanga ikiuficha mkono wa kushoto wenye vidole vitatu. Viwili vilibanwa na mlango wa basi. Ndivyo alivyowaambia wanawe siku zote.

Zuena akabonyeza swichi. Bobini zikaanza kugonga, taa zikapepesa ukumbi mzima.

Wafumaji wote waliruka nyuma hatua moja, wakajipanga mstari, wakanyoosha mikono juu ya vichwa, viganja wazi. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyebakiwa na mkono mmoja aliuinua huo huo. Mzee Twaha, aliyekuwa msimamizi wao, akaanza kupita mbele ya mstari akigusa kiganja kimoja kimoja.

"Moja! Mbili! Tatu!" alipaza sauti.

"Wameipenda!" Bwana Audax alicheka, naye akanyoosha mikono yake juu.

Zuena alimtazama mama yake. Midomo ya Bi Mwanabaraka ilikuwa ikiuliza bila sauti: "Nani? Nani kashikwa?"

Hapo ndipo Zuena alipoelewa. Katika kelele zile nani angesikia ukelele wa mtu? Mtambo ulipomshika mwenzao, ziliwashwa taa hizi, na kila mmoja akainua mikono ihesabiwe, ijulikane ni wa nani uliobaki mtamboni.

Akazima. Mota ikanyamaza, lakini hakuna aliyeshusha mikono, kwa sababu hesabu ilikuwa haijaisha. Mzee Twaha alifika kwa Bi Mwanabaraka, akagusa kiganja cha kulia, kisha kile cha vidole vitatu, akakishikilia kidogo.

"Safi sana," alisema Bwana Audax. "Hebu washa tena, tuwaone."

Zuena aliiacha swichi. Alivuka ukumbi, akasimama mwisho wa mstari, kando ya mama yake, akainua mikono juu.

Bi Mwanabaraka akamgeukia. Akaitazama mikono ya bintiye, kidole kwa kidole, mpaka akafika cha kumi.