Malisho ya Malachy

Uvumi niliupata kwa muuza nyama: kwamba bata-maji, wale weupe wenye shingo ndefu, wamewahi kulala kwenye malisho ya Malachy Tuohy. Niliupuuza, ukanifuata mpaka kitandani. Malisho hayo ndiyo Sorcha, binti yangu, na mumewe walitaka kuyanunua wajenge nyumba. Ilikuwa Julai, nyasi kavu, ng'ombe wamejilaza. Bata-maji wa nini huko?

Wiki ileile parokia ilikuwa ikikusanya majina ya kila konde, kilima na kisima kabla wazee hawajatuishia. Mwalimu Attracta alitandaza ramani ukumbini, watu wakajaa. Walibishana juu ya kisima kimoja kilichokauka mpaka chai ikapoa. Kilima kisichozidi kichuguu kilipata majina matatu. Lakini kidole cha mwalimu kilipofika kwenye malisho ya Malachy, wote wakaanza kutazama vikombe vyao.

"Hapo hapana jina," akasema Malachy. "Andika Malisho ya Chini."

Mwalimu akaandika. Huku kwetu mtu akiwa anauza ardhi, jirani haisemi vibaya; wanaiita heshima. Heshima gani ya kumwacha mtoto wa mwenzio azame?

Asubuhi nikaenda kujionea. Sorcha akanifuata akinung'unika kwamba nitawaaibisha, wanasaini Ijumaa. Nikamwonyesha ukuta wa mawe unaokatiza bondeni. Mawe yalikuwa yameshika majani madogo meusi, yale yanayoota pale tu maji yanapokaa miezi. Yalipanda ukutani mpaka usawa wa kifua changu. Akasema labda ni masizi ya moshi. Moshi wa nini, mwanangu, katikati ya malisho?

Jioni nikarudi ukumbini, nikasimama mbele ya ramani.

"Malachy, mimi sikuulizi jina. Nakuuliza binti yangu aweke wapi kitanda mwezi wa Januari."

"Akiweke ndani ya mashua," akasema mmoja kule nyuma. Watu wakacheka, kisha wakarudia vikombe vyao, maana mzaha ulikuwa umeshafichua siri.

Malachy alikoroga chai isiyo na sukari.

"Baba alipaita Ziwa la Bata-maji," akasema mwishowe. "Maji hupanda kutoka ardhini Novemba, hushuka yenyewe karibu na Pasaka. Si kila mwaka. Na hakuna aliyeniuliza."

"Mwalimu alikuuliza jana, ukiwa umekaa kiti hichohicho."

Mwalimu akafuta, akaandika upya. Sorcha hakusaini. Nyumba alikuwa ameshaichora mpaka mapazia, na sasa kosa ni langu, si la maji. Malachy hanipi mkono kanisani. Novemba nilipita pale: ukuta haukuonekana, bata-maji walikuwa wanaelea juu yake. Nikampigia Sorcha picha nikamtumia. Hajajibu.

Basi, nyinyi wenye watoto wanaotafuta kiwanja, epukeni haya:

Kukagua ardhi wakati wa kiangazi peke yake.
Ukuta wenye majani meusi, hata uwe mzuri namna gani.
Konde lisilo na jina. Hapa kwetu hata kijiwe kina jina.
Kumuuliza muuzaji mbele ya majirani zake, halafu kuridhika.
Kusaini kabla ya Krismasi.
Kunyamaza kwa kuogopa mtoto atakasirika. Acha akasirike akiwa mkavu.