Kikombe cha Dhahi

...maana hakuna aliyetegemea kwamba Dhahi angekiweka kikombe chini, hata kidogo, kaingia anacheka, viatu kavipiga teke mlangoni kama nyumba ya mamake, kala tende, kamiminiwa kahawa na Musabah mwenyewe kutoka dele la marehemu baba, halafu hivi hivi tu, kikombe zuliani, kimejaa, hakijaguswa, na mikono kaikunja anamtazama, basi ndiyo imeshakuwa, mgeni ana haja, hatakunywa mpaka mwenye nyumba aseme kunywa, haja yako imekwisha, na tangu baraza hii ijengwe hapa Dhaid hakuna kahawa ya haja iliyopoa juu ya zulia hili, baba alikuwa anasema kunywa kabla hajauliza ni haja gani, hivyo ndivyo alivyomtoa hata ngamia jike mwenye mimba kumpa mgeni, akacheka, akamimina tena, na wewe je, Musabah, akajiambia, sema neno, au ulimi umeutafuna pamoja na tende... "Tubadilishane, bin ami," Dhahi anasema, "mimi nichukue Landkruza lako, wewe chukua kigari changu. Si unakipenda? Nakuona unavyokitazama." Anamwona! Kumbe muda wote huu anamwona, naye Musabah kila kigari kikipita alikuwa mstari wa mbele kusema mashallah, kwa sauti, watu wote wasikie, asije mtu akasema kijicho chake ndicho kilichopasua tairi, na kijicho alikuwa nacho, Mungu anajua, alikuwa nacho cha kutosha ukoo mzima, tangu siku ile Dhahi alipokileta kigari cheupe kutoka Japani, na kakileta lini, wiki ileile ya harusi ya Musabah, wageni wamekuja kumpongeza bwana harusi, ukasikika ule mngurumo barabara ya Maliha, wakainuka wote, wazee kwa vijana, na mikono ina mafuta ya bokoboko, wakatoka kutazama, bwana harusi akabaki na sinia, akabaki na baba yake, na nyuma ya pazia hata Shamsa, bibi harusi mwenyewe, alichungulia, alikiri baadaye, nilitazama kidogo tu, kidogo tu! na usukani wenyewe walikwenda kuuhamisha kutoka kulia kuuleta kushoto, kazi ya ovyo, ukiwasha indiketa waipa zinafuta kioo kikavu, Musabah alikwisha kuyachunguza yote hayo, aliyatafuta makosa ya kigari kama mke mwenza anavyotafuta chumvi kwenye mchuzi wa mwenzake, na bado kila jioni, akiwa shambani anamwagilia mitende, sikio lilikuwa barabarani, anamjua Dhahi kabadilisha gia wapi, kapunguza wapi, anaendesha naye bila Dhahi kujua, na leo, leo kigari kiko uani kwake, mlango wazi, ufunguo uko hapa zuliani kando ya kikombe, anaambiwa chukua, basi si uchukue, mwanamume wewe, si ndicho ulichokililia, kinachokuzuia ni nini...

"Kina kasoro gani mpaka ukitoe?" aliuliza, akajichukia kwa kuuliza, baba hakuwa anauliza. "Kasoro!" Dhahi kacheka. "Kizima kuliko mimi na wewe. Viti viwili tu, ndiyo kasoro yake. Moza yuko mwezi wa saba, Mungu akijalia. Mtoto nitamweka wapi, kwenye buti?" na huko nyuma ya mlango, Shamsa alikokuwa anakaanga kaimati, kijiko kikanyamaza, mafuta yakaendelea kuchemka peke yake... mwezi wa saba, mwezi wa saba nao hawakuambiwa, nyumba hizi mbili zinapakana ukuta, Moza mke wa Dhahi anaazima hata iliki kwa Shamsa, kumbe lile baibui pana, kumbe zile safari za kwa mamake huko Khorfakkan, walimficha, waliwaficha yeye na Shamsa, hawakuwaficha majirani, hapana, majirani wanajua, imamu anajua, hata muuza samaki anajua, wamefichwa wao wawili tu kwa sababu ya jicho lao, ndivyo watu wanavyowafikiria sasa, nyumba ya jicho, na roho ikamwuma Musabah, kwa sababu si uongo, laiti angejua angekuwa analitazama lile baibui... na sasa wanataka Landkruza, nalo baba alilinunua mwezi mmoja tu baada ya harusi, viti safu tatu, akamwita uani, akampiga bega, "Hili si lako wala langu, hili la wajukuu, nataka nyuma kujae," na safu ya mwisho ile nailoni ya kiwandani hakuitoa, ataitoa wa kwanza kukalia, ndivyo alivyosema mzee, na mzee kaenda zake, nailoni ipo, imekuwa ya manjano kwa jua, ikilia kila Landkruza likipita kwenye tuta, Shamsa alisema juzi tuitoe, inanichosha, naye akamfokea, tena mbele ya watu, hakumwambia sababu, kana kwamba Shamsa haijui.

"Tena akiwa wa kiume," Dhahi anasema, na sasa hacheki, sauti imelainika, "nimeshamwekea jina la ami. Ghanim. Nilimpenda ami, wewe unajua." Ghanim... jina la baba, naye Musabah tangu usiku wa harusi mji mzima unamwita Bu Ghanim, baba Ghanim, kwa mwana ambaye hajazaliwa, msikitini, sokoni, hospitalini kwenyewe daktari alipokuwa akizungukazunguka kusema lile alilolisema, Bu Ghanim kaa kitako, Bu Ghanim kunywa maji, miaka yote kalivaa hilo jina kama kanzu ya mtu mrefu kuliko yeye, akingoja akue imtoshe, na huyu, huyu mwenye kila kitu, anataka viti na wa kuvikalia na jina lake pia, aachiwe yeye kigari, viti viwili, Musabah na Shamsa, wapite mbele ya mji mzima waonekane kwamba wameshatosha, hakuna anayengojewa... akakitafuta kile kijicho cha kigari, akakitafuta kwa kweli, akautazama ufunguo, akakitazama cheupe kile uani, akaona bati, bati na magurudumu, basi, angepewa kumi asingevuka kizingiti kwenda kuvitazama, kumbe hakukionea wivu kigari hata siku moja, siku ile ya harusi aliona watu wanamtoka, tangu hapo hawakurudi, ndilo lililomwuma, na baba, ah baba, ulikuwa unatoa ngamia wenye mimba na kucheka kwa sababu ulikuwa naye Musabah kakaa hapo pembeni anakutazama, mwenye naye hashindwi kutoa, nami je, nitoe nibaki na nani... basi waseme, kesho soko zima liseme, mtoto wa Ghanim kaiacha kahawa ya mgeni ikapoa, aibu ya ukoo, wamsute mpaka wachoke, aibu atalala nayo, ile safu ya nyuma hataitoa, kama haikaliwi isikaliwe, nailoni izeeke, izeeke naye. Nyuma ya mlango kijiko hakijaanza tena.

"Bu Ghanim," Dhahi akamwita, taratibu, akakisogeza kikombe mbele kidogo kwa kidole. "Kahawa inapoa."

"Naiona," akasema Musabah.