Njia ya Minyaa

Siku tisa Kezia alizunguka na GPS mkononi katika nyika kame ya upande wa Kaniha, akipima ranchi mpya. Siku ya kumi ramani ilitandazwa mezani katika ofisi ya kijiji. Akatafuta pointi zake kumi na nne, asione hata moja. Badala yake paliandikwa: maboma ya zamani. Na katikati, lambo la kunyweshea ng'ombe.

Akagonga ramani kwa kidole.

"Hayo si maboma, bwana Anatory," alimwambia mkuu wake wa upimaji. "Nilikuandikia. Ni makaburi."

"Minyaa ikijipanga vile ni ua wa ng'ombe, nani asiyejua," alijibu Anatory bila kuinua macho. "Halafu fomu haina alama ya njia ambayo watu walishaacha kuipita."

Haina alama. Mwaka sabini na mbili watu waliivuka nyika hii kwa miguu wakikimbia mauaji ya Burundi, na aliyeanguka alizikwa palepale. Muda wa kutafuta mawe haukuwepo. Walikata kijiti cha mnyaa kwenye kaburi la nyuma, wakakichomeka kwenye la mbele, nacho kikaota. Niragira, bibi yake Kezia, alichomeka kimoja kwa mwanawe wa miezi minane. Leo Anatory, aliyekuja na gari lenye kiyoyozi, anataka ng'ombe wanywe maji juu ya mtoto huyo.

Wazee walifika kuipitisha ramani. Utaratibu ni huo: bila dole gumba lao haiendi wilayani Biharamulo.

"Shikamoo, bibi," alisema Anatory, akimsogezea Niragira pedi ya wino. "Weka hapa chini, kwenye mstari."

"Marahaba. Kezia, mjukuu wangu, nionyeshe hilo lambo."

Kezia alimwonyesha. Niragira akachovya dole, akaligandamiza juu ya lambo, akalishikilia hapo kitambo. Akafuata mzee Havyarimana, akamuuliza Kezia alipolala baba yake, akaweka dole hapo. Akafuata Selestina, kisha wengine. Makaburi yaliyokosa ndugu, Niragira aliyawekea dole mwenyewe. Walipomaliza, alama kumi na nne za bluu ziliikata ranchi kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na mstari wa chini ulikuwa mtupu.

"Mmeiharibu," alisema Anatory. "Itabidi nichapishe nyingine."

"Chapisha," alisema Kezia. "Wino bado upo, na wazee hawana haraka."