Nusu Mzunguko

Ncha ya skrubu ilichomoza juu ya nati kwa unene wa ukucha. Nasim aliinama juu ya jiriwa iliyobana mbao, akaipapasa ncha hiyo kwa kidole cha shahada, akaridhika. Mtutu wa bunduki ukilazwa kwenye mfereji wake utaigusa ncha hiyo. Risasi ya kwanza itakwenda inakotumwa, labda na ya pili, lakini chuma kikishika moto kitasukumwa na skrubu, na risasi zitaanza kutangatanga. Mwenye bunduki atalaumu upepo. Atalaumu macho yake. Hatalaumu kitu kilichozikwa ndani ya mbao na mjane wa Ngara.

Na mwenye bunduki alikuwa Mukonyo.

Alikuwa amekuja Jumatatu, manukato yake yakimtangulia mlangoni. Chuma cha bunduki alikiacha nyumbani kwake mtaani Jamhuri, chini ya kufuli, kama sheria inavyotaka. Alicholeta ni kitako kitupu cha mbao, pamoja na miguu miwili ya chuma ya kufungwa chini yake, ile inayokunjuliwa ili mpiga shabaha alale kifudifudi na bunduki itulie.

"Mama, habari ya siku mingi? Nataka uniwekee hii miguu. Shindano ni Jumamosi, na kila fundi nikimuonyesha anaogopa kutoboa hii mbao."

"Na mimi nisiogope?"

"Wewe si ulifunzwa na mzee?" Akacheka. "Mzee alikuwa na mkono, usiseme."

Nasim alikitazama kitako. Kilikuwa cha mzeituni, mishipa yake ikitiririka kama asali iliyomwagika, na alijua ni nani aliyekilainisha kwa msasa hadi kikang'aa. Sameer, mume wake, alikichonga miaka kumi iliyopita, na yeye mwenyewe ndiye aliyekipaka mafuta, tabaka baada ya tabaka, majuma matatu mazima.

Kulikuwa na kitako kingine, ndugu ya hiki. Kile kilipasukia mikononi mwa Mukonyo mbele ya chama chote cha walenga shabaha, naye akatangaza papo hapo kwamba Sameer alitumia mti mbichi na kuziba nyufa kwa gundi. Kilipoletwa vipande viwili, Nasim aliona alama ya skrubu iliyodidimia kwenye mbao kama kidole kwenye unga uliokandwa. Mukonyo alikuwa ameikaza mwenyewe, kwa nguvu zake zote, baada ya kuambiwa asiiguse. Sameer alimweleza kwa upole. Mukonyo alitikisa kichwa, akaenda zake, na uongo wake akauacha ukitembea mjini. Wateja wakapungua mmoja mmoja, hadi Sameer akawa anafagia karakana isiyo na vumbi. Mwaka wa pili alilala mchana akiwa hana homa wala kikohozi, na hakuamka.

Sasa mtu yule yule alikuwa ametukana mikono ya fundi na kubaki na kazi ya mikono hiyo.

"Bhabhi, chai," Harbhajan aliita, akiingia na vikombe viwili. Alikuwa jirani wa miaka mingi, muuza kufuli, aliyemwita Nasim shemeji kwa lugha ya kwao, naye akamwita kaka, kilemba chake cha buluu kikigusa fremu ya mlango. Aliweka vikombe, akachungulia jiriwa. Kisha akasema, "Hiyo skrubu ni ndefu."

"Najua, Bhai."

"Mtutu utaigusa."

"Uiguse."

Harbhajan alikivuta kigoda, akakaa, akapuliza chai yake. "Ya nani?"

"Mukonyo."

"Ahaa. Mimi nauza kufuli miaka arubaini, na bado sijapata inayotosha mdomo wa huyo bwana." Alikunywa. "Sasa Jumamosi atakosa shabaha. Uzuri. Jumatatu atapeleka mbao kwa fundi mwingine. Fundi atafungua, ataona. Halafu Mukonyo atasema nini?"

"Aseme atakalo."

"Atasema, 'Niliwaambia kitambo, kazi ya Sameer na watu wake ni mbovu.' Na safari hii, Bhabhi, hatakuwa anadanganya."

Nasim aliinua macho kwa hasira. Alitaka kumfukuza na vikombe vyake. Kama Harbhajan angekuwa amekosea, angemfukuza. Harbhajan aliondoka mwenyewe, akamwachia chai ikipoa, naye akabaki akiitazama ile ncha iliyomfurahisha asubuhi nzima. Ingekuwa kana kwamba yeye, kwa tupa yake mwenyewe, amekwenda kutia sahihi chini ya uongo ule.

Aliifungua skrubu, akaibana, akaisugua kwa tupa mpaka ikalala chini ya uso wa nati. Akaipaka nta. Akairudisha kwenye tundu alilolitoboa kwa keekee ya mkono, katikati kabisa ya mbao, akaizungusha taratibu hadi iliposhika. Baada ya hapo, nusu mzunguko tu. Ndivyo Sameer alivyomfundisha: nusu, kisha unaondoa mkono, kwa sababu sehemu ile ya mbele ya mti ni nyembamba na haina mahali pa kukimbilia.

Alipoondoa mkono, ndipo alipomkumbuka Mukonyo, mtu asiyejua kuondoa mkono.

Aliilegeza skrubu ile, nusu mzunguko. Kisha akampigia simu.

"Nitakuletea mwenyewe Jumamosi. Mnakutana wapi kabla ya shindano?"

"Mama, usijisumbue! Tunakunywa chai hapa Adams Arcade, saa mbili."

Aliwakuta saba wamezunguka meza, sahani za mayai na mandazi mbele yao. Wengine aliwajua; walikuwa wateja wa Sameer, na waliposimama kumsalimu macho yao yalikimbilia vikombe. Mzee Okinyi, katibu wa chama, alimpa kiti. Nasim aliweka kitako juu ya kitambaa cha meza, miguu yake imekunjuliwa, kikasimama kama mnyama mdogo aliyeamka.

"Kazi safi," Okinyi alisema polepole.

"Imebaki skrubu moja. Ni haki ya mwenyewe kuimalizia." Nasim alimkabidhi Mukonyo spana ndogo. Sauti yake aliipandisha, wote wasikie. "Nusu mzunguko, halafu uache. Ukizidisha, mti utapasuka."

"Mama, mimi nimeshika bunduki kabla wajukuu wako wazaliwe."

"Nusu, Bwana Mukonyo."

Alikaza nusu. Akatikisa ile miguu, akakunja uso. "Bado inacheza."

Haikuwa ikicheza. Aliongeza robo. Mti ukatoa mlio mwembamba ambao ni mtu mmoja tu mezani aliyeujua. Nasim alikuwa na nafasi ya kusema mara ya tatu. Pumzi aliivuta, neno likamfika kwenye ulimi. Hapo ndipo wimbi la mishipa lililopita karibu na kidole cha Mukonyo lilipomkumbusha mchana mmoja wa majuma yale ya kupaka mafuta, Sameer akiimba vibaya kwa makusudi ili amchekeshe. Akalimeza neno lile. Mukonyo akakaza meno, akazungusha.

Mlio ulikuwa mkavu na mfupi. Ufa ulitoka kwenye tundu, ukapita katikati ya mzeituni hadi kufika mkononi mwake.

Hakuna aliyeinua kikombe. Mukonyo alifungua mdomo. "Hii mbao..."

"Mbao umeambiwa mara mbili," Okinyi alisema. Aliitazama spana, kisha mkono ulioishika. "Mukonyo, ile ya kwanza, nani aliikaza?"

"Wacha hiyo story, mzee."

"Nimekuuliza."

Mukonyo aliwatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine, akitafuta wa kucheka naye.

Nasim alikuwa amesubiri swali lile miaka sita, na jibu hakulingoja. Aliinama juu ya kitambaa cheupe, akaanza kuokota vibanzi vya mzeituni, kimoja kimoja, hata vile vilivyokuwa vidogo kama chembe za chumvi, akiviweka kwenye kiganja.