Stika ya Mrushaji wa Akiba

…na kaka yangu Dwight anasema tena chagua, dada, chagua, saa ya mayai inakwenda, na kweli inakwenda, ile saa nyekundu ya kupimia mayai yanayochemka, ya jikoni kwa mama, Dwight kaiweka juu ya jokofu la bia, mbele yangu ubao umefunika ukuta mzima wa gereji, kila mchezaji wa mpira wa Kimarekani tuliyekwisha kumchagua kwenye timu zetu za kubuni yupo pale na stika yenye jina lake, pointi atakazopata uwanjani ni zetu, na mkono wangu umeganda juu ya karatasi ya stika zilizobaki, zamu ni yangu, wote wanajua nitakachosema, nitasema Jarvis Odom, mkimbiza mpira wa Omaha, timu ya mume wangu Lamont, mke wa mchezaji wa Omaha asipochagua Omaha atachagua nani… "Wifi, Lamont hajambo?" anauliza Yolanda, mke wa Dwight, akinisogezea mabawa ya kuku, hajambo, nasema, mzima kabisa, anawasalimu, na uongo unatoka laini hata mimi nashangaa, Omaha, timu mpya, ndiyo kwanza inaingia msimu wa pili, mwaka jana walishinda mechi mbili tu, na mimi niliyejaza watu wao kwenye timu yangu ya kubuni nikashika mkia, na wa mkia hapa kwetu Toledo anajua kitakachompata, nikasimamishwa njia panda karibu na kituo cha mafuta nimevaa vazi la kuku na bango MIMI MPIRA SIUJUI, kaka yangu huyu akipita na kurudi akipiga honi, Lamont alicheka mpaka akakaa chini barabarani, wakati huo alikuwa bado anaona… ishia hapo, Corinne, fikiria pointi. "Omaha mwaka huu moto!" Dwight anahubiri, gazeti la utabiri wa ligi kwapani, "Kocha mpya, Odom miguu anayo, yule dogo Hodge, mrushaji wao, anarusha mpira utadhani kagombana nao, walichokosa ni ukuta tu, na kwenye ukuta shemeji yangu yupo, au siyo, dada?" Yupo, nasema… Lamont yupo, ila Lamont hana stika, hajawahi kuwa nayo, katika mchezo wetu huu wanaohesabiwa ni wanaoushika mpira, wanaume wa ukuta hawana pointi, kazi yao kuzuia watu tu wasimfikie mrushaji, na Lamont husimama kushoto, upande ambao Hodge haoni akijipinda kurusha, Hodge akitazama kulia ni Lamont anayemtazamia kushoto, na jicho la kushoto la Lamont… tangu kile kidole kilichopenya kwenye vyuma vya kofia mazoezini, siku mbili baadaye akamimina kahawa pembeni ya kikombe, akaitazama meza, akanitazama, "Usimwambie mtu, mke wangu, wakijua wananiacha, na umri huu nani atanichukua?" ubao wa herufi za kupimia macho wa daktari ameukariri wote, nimemsikia bafuni akizirudia kama mtoto wa shule, na nikaahidi, Mungu wangu, nikaahidi huku nafuta kahawa… simu inatetemeka pajani, ni yeye, kutoka Omaha, *umemchukua Jarvis? Mchukue mpenzi, nitamfungulia njia pana*, pana, anasema, mtu aliyegonga mlango wa bafu kwa bega jana asubuhi kabla sijapanda ndege kuja huku, naogopa, naogopa hata kusoma mara ya pili… na Hodge, yule mtoto, alikuja kula kwetu, akamaliza makaroni ya jibini akaomba na ya kubeba, nikamwuliza, hivi huogopi majitu yale yanavyokujia? akacheka mdomo umejaa, "Mama, mimi kushoto sigeukagi, nigeuke ya nini, si Lamont yupo?" na Lamont aliyekuwa akikata keki hakuinua uso… "Saa, Corinne, saa!" nasikia, nimesikia, lakini mimi ndiye peke yangu katika gereji hii ninayejua Omaha watachezaje, naiona mechi ya kwanza, Jumapili ijayo, jitu linatokea kushoto, Lamont analisikia kabla ya kuliona, kachelewa, na mtoto yule ametazama kulia, ametulia, mikono juu, mbavu wazi, kisha machela, kisha atakayeingia ni… kidole changu kimeshabandua stika, sikukiagiza, nalisoma jina, Stoltz, mrushaji wa akiba wa Omaha, mzee ambaye hakuna mtu amewahi kumchagua katika gereji yoyote, Dwight ananyoosha shingo na kupasuka kwa kicheko, "Jamani, kuku amerudi! Stoltz! Huyo si hata viatu anafungiwa?" na Yolanda anacheka, kisha Dwight peke yake anaacha kucheka, "Lakini dada… Stoltz atachezaje, na Hodge yupo?" na hapo ndipo ninajisikia, kwamba nimekwisha kumvunja yule mtoto kichwani mwangu na nikamtafutia wa kuvaa viatu vyake, nipate pointi, nisivae kuku, nimekuwa mtu wa namna gani mimi… Lamont amenipa namba ya daktari wa timu kwa dharura, kumbe dharura ndiyo hii, nitampigia leo, kabla sijatoka hapa, nimwambie habari ya jicho, Lamont atalia, atasema nimemmaliza, atanichukia, na anichukie, anichukie mpaka azeeke, mradi ananiona kwa jicho lililobaki, nasikia Dwight akisema chagua, dada, chagua, saa ya mayai bado inakwenda na stika ya Stoltz imening'ang'ania kidoleni…