Mkonga Si Mkongojo

Baba mkwe wangu alianguka kutoka kwenye ngazi akipigilia dari, akavunjika nyonga. Mfupa ukaunga, yeye akagoma kutembea. Mkongojo wa hospitali ulining'inia nyuma ya kiti chake wiki tatu nzima.

"Mimi seremala wa miaka arobaini, nitembelee bomba la chuma?"

Jumatatu mtaalamu wa mazoezi alinieleza bila kupindapinda: asiposimama mwenyewe wiki hii, nyonga itakakamaa, hatatembea tena. Nilimfikishia maneno hayo vilevile. Akageukia ukutani.

"Nimekuwa mzigo, mwanangu. Nitue tu."

Mimi ndiye niliyembeba kwenda msalani. Mgongo uliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni jinsi alivyofumba macho kila nilipomwinua.

Alhamisi jioni nilikuwa napiga pasi mezani. Binti yangu alikuwa hapo hapo na kazi ya shule, methali za wanyama. Babu yake alikaa kitini, upande wa pili wa chumba. Mashine za mbao zilimmaliza masikio, kwa hiyo mtoto husoma kama yuko mnadani.

"Ndovu hashindwi na mkonga wake!"

"Na nini?"

"Mkonga, babu!"

"Mkongojo?" Akawaka. "Ndiyo mmefikia hapo? Mama yako kashindwa kunisema, sasa kakutuma wewe, mke wangu mdogo, unisimange kwa methali!"

"Babu, wala si..."

"Lete hilo daftari!"

Mtoto akainuka. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Kaa." Kisha nikapaza sauti: "Baba, daftari haliondoki hapa. Njoo usome mwenyewe."

"Unadhani siwezi?"

Akavuta mkongojo, akasimama. Hatua ya kwanza akalitukana bomba. Ya pili akanitukana mimi. Ya tatu na ya nne alihema tu. Ya sita akashika ukingo wa meza, akainama, akapitisha kidole kwenye mstari.

"M-ko-nga," akasoma.

Shati la mume wangu lilianza kunuka moshi chini ya pasi, nikaliacha liungue.

"Maana yake?" akauliza, safari hii polepole.

"Mtu hashindwi na mzigo wake, babu."

Akanitazama, macho wazi.

"Basi mwambie mama yako asogeze kiti," akasema. "Ndovu kachoka kusimama."