Kiti cha Koti

Koti la bosi wetu linakaa vizuri kuliko Mama Chapa. Safari hii sitanii, ingawa ofisini wananijua kwa utani: mimi karani wa masjala, kazi yangu kubeba makaratasi na kuchekesha watu.

Mama Chapa ndiye mpiga chapa wetu, mtu mzima wa kunizaa. Masaa manane kwa siku yuko juu ya kiti cha plastiki cha kantini, kakalia mto wa sofa aliotoka nao kwake, miguu inaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi. Daktari alishamwambia: tafuta kiti cha kushika kiuno, nyayo zikae bapa chini, la sivyo baada ya mwezi utaaga kazi. Na kustaafu kumebaki miaka miwili tu!

Basi vikaja viti vinne vipya. Vina magurudumu, vinapanda na kushuka, mgongo unafuata uti wako kama kivuli. Nikasema, leo Mungu katuona. Thubutu! Vikagawiwa kwa cheo. Bosi akapata chake, naye ofisini hamalizi saa moja. Anatundika koti kitini, anapotea. Wageni wakiuliza, tunajibu yupo, koti lake si lile?

Mama Chapa akaenda, nami nyuma yake, kukiomba kile cha bosi kwa afisa utumishi, tunayemwita Kifungu kwa kupenda kanuni.

"Mama, kile ni kiti cha cheo."

"Kwani cheo nacho kinaumwa kiuno?" nikadakia.

"Wewe kijana, mdomo utakuponza."

Acha uniponze. Alhamisi bosi alipopotea, nikakisukuma kile kiti hadi kwa Mama Chapa, nikamshushia mpaka nyayo zikagusa sakafu. Akafumba macho.

"Mwanangu, kumbe wenzetu ndivyo wanavyokaa?"

Hasira zikanipanda upya. Koti nikalikalisha kwenye plastiki, juu ya ule mto. Nalo lionje.

Bosi akarudi, akanguruma: "Nani kalifanyia hivi koti langu?"

Ofisi nzima ikasimama. Mama Chapa hakusimama.

"Pole na mizunguko, bosi. Ripoti yako niko ukurasa wa tisa. Nikiinuka hapa, itabidi koti liimalizie."

Ripoti ilitakiwa saa tisa. Bosi akatazama saa, akabeba koti lake, akaenda.

Kesho yake Kifungu akaandika waraka kwa mkono: kiti kirudishwe mara moja. Ila kwa kanuni zake mwenyewe, waraka usiopigwa chapa si waraka. Ikabidi aulete kwenye trei ya Mama Chapa.

"Utafikiwa, baba," akaambiwa, na karatasi ikachomekwa chini kabisa ya rundo.

Ule mwezi wa daktari umeshapita, Mama Chapa yuko kazini. Rundo nalo haliishi. Litaishaje, na mimi kila asubuhi naongeza makaratasi mengine juu?